Ugomvi Kabla ya Maji

Fundi wangu alikuwa mgomvi, na nikisema hivyo namsifu. Watu wa hapa Kewanja wakitaka kumsifu fundi husema ni mpole, hana maneno, ukimwambia jambo anaitikia. Mimi fundi anayeitikia kila kitu simtaki hata anishikie karai. Ukuta wa jikoni kwangu ulijengwa na mmoja wa aina hiyo, mume wangu akiwa hai. Aliitikia "sawa mama" kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ukuta ukapasuka kabla mvua za kwanza hazijaisha. Huyu ninayemwandika hapa hakuwahi kuniambia "sawa mama" hata mara moja. Nyumba aliyonitengenezea imesimama, nimo ndani yake, na meza ninayoandikia imekaa juu ya sakafu yake bila kuyumba.

Kwao sikuwahi kupajua. Wapo waliosema ni Mha, wapo waliosema ni Msukuma aliyefuata dhahabu akaishia kwenye matofali. Nilichojua mimi ni kwamba Kiswahili chake hakikuwa na lafudhi yetu ya Kikurya. Ukimuuliza anatoka wapi alikujibu, "Natoka kwenye nyumba niliyoimaliza juzi," kisha anakuuliza kama mchanga wako umechekechwa. Jina lake ninalijua ila sitaliandika, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Wengine waliitwa fundi fulani na fundi fulani. Yeye alikuwa Fundi, basi, na mafundi wenzake walilichukia sana jambo hilo.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na siku zote alikuja kazini amevaa koti la suti la kijivu. Mfuko mmoja ulibeba timazi ya kupimia unyoofu wa kuta, mwingine karanga. Jambo la kwanza alilofanya kwenye kiwanja chochote, kabla hajagusa sururu, lilikuwa kuchimbia mti ardhini, kuupigilia msumari na kutundika koti lake. Ukuta wa kwanza ukifika kifuani, msumari ulihamia ukutani. Alisema kazi haijaanza mpaka mtu apate pa kutundika koti. Msumari wake bado uko ukutani sebuleni kwangu, na wageni wanaodhani ni wa picha nawaambia wauache.

Ili mtu amwelewe Fundi, inabidi kwanza aelewe jambo moja la huku kwetu. Tunaishi jirani na mgodi mkubwa, na uvumi hauishi kwamba eneo fulani litachukuliwa na wenye nyumba watalipwa fidia. Uvumi ukipita, vyumba vinaota viwanjani. Havina msingi, tofali zimeshikizwa kwa udongo, mbele pamepakwa simenti kidogo ili paonekane, juu bati jembamba. Hakuna anayelala humo. Tunaviita vyumba vya kutegesha, yaani mtu ametegesha, anangoja wathamini wapite wahesabu. Wakipita umepata, wasipopita umepata zizi la mbuzi. Simcheki aliyetegesha kwa shida zake. Ninachokataa, na nitakikataa mpaka naingia kaburini, ni mtu kuja kunipangia nitegeshe maisha yangu.

Na huyo mtu alikuwepo. Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba ya vyumba viwili, bati linavuja, chini vumbi tupu. Nilikuwa napika chakula cha wachimbaji wadogo na vibarua, kazi ninayoifanya mpaka leo. Nilitaka mambo ya kawaida tu: sakafu, linta juu ya madirisha, bati lisilovuja, chumba cha tatu cha binti yangu Robi, na sebule. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alitaka uwanja. Alisema kutengeneza nyumba pale ni kutupa vitu, kwa kuwa pale pataondoka tu. Akili, kwa maneno yake, ilikuwa kujaza vyumba vya kutegesha uwanja mzima kwa niaba ya ukoo, na mimi nijibane kwenye vile viwili vinavyovuja mpaka siku hiyo itakapofika. Hakuniuliza. Aliamka asubuhi akaja na fundi, na fundi mwenyewe ndiye huyu.

"Shemeji, fundi ndiye huyu," alisema, halafu akamgeukia. "Mzee, pima kuanzia hapa mpaka kwenye ule mpapai."

Fundi hakupima. Aliutazama uwanja, akautazama mpapai, akauliza, "Nani atalala humo?"

"Hakuna wa kulala, mzee. Wewe jenga tu."

"Kama halali mtu, hapa hakuna kazi ya fundi. Tafuta watu wa kupanga tofali." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimejitwika kuni. "Na wewe mama, unalala wapi?"

"Mle ndani," nikasema. "Na kunavuja."

"Lete kigoda."

Mimi nilitua kuni, nikaenda kuleta kigoda, na sikujua hata kinatakiwa cha nini.

Kigoda ndicho kilichokuwa kipimo chake cha kwanza. Kabla ya kamba, kabla ya futi, alichora chumba ardhini kwa ncha ya mwiko, akaweka kigoda katikati, akasema, "Kaa hapo. Unaona nini?" Nilicheka. Nikamwambia naona choo cha jirani. "Basi unataka kuzeeka unaangalia choo cha jirani?" Akanihamisha. Nikakaa tena, nikaiona barabara. "Unataka kuiona?" Nikasema ndiyo, wateja wangu wanatokea huko. "Na wao wakuone?" Hapo nilifikiri. Nikasema hapana, si kila wakati. Dirisha la sebule yangu lilipatikana hivyo. Ukikaa unaona barabara inayokwenda Nyangoto mpaka kwenye kona, na aliye barabarani haoni zaidi ya pazia.

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza ninataka kuona nini. Nilikuwa nimeolewa, nimezaa, nimezika, na swali lile nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye simenti kwenye nyusi. Nililipenda, na hapo hapo likanikasirisha kwa kuchelewa kwake. Nilirudi jikoni nikapika ugali mgumu kupita kiasi, vibarua wakaula bila kulalamika.

Wanawake wenzangu huniuliza siri ya kuelewana na fundi. Wengi wao wameshalizwa. Kuna aliyewekewa dirisha linalotazama ukuta, kuna aliyekimbiwa nyumba ikiwa imefika kwenye linta, kuna aliyeambiwa aite mwanaume ndipo aelezwe. Nawajibu kwamba mimi na Fundi hatukuelewana. Tuligombana kwa utaratibu, na utaratibu ulikuwa wake.

Kila asubuhi vibarua walichanganya mchanga na simenti ikiwa kavu, wakageuza kwa koleo mpaka rangi ikawa moja, wakafukua shimo katikati. Hapo Fundi alisimama na ndoo ya maji, akaniita popote nilipo. "Mama Robi, gombana sasa." Kama kuna jambo la jana halikunipendeza, nilitakiwa niliseme wakati ule. Kama kuna jambo la leo silitaki, nilitakiwa niliseme wakati ule. Yeye naye alitoa yake. Niliambiwa mchanga wangu una udongo, chai yangu haina majani, na kwamba ninawapigisha vibarua soga mpaka wanasahau pimamaji. Na mimi nilimwambia kona ya chumba cha Robi imepinda, kwamba anakoroma mchana juu ya mbao zangu, na kwamba karanga zake zimeleta panya. Tulipaza sauti mpaka majirani wakawa wanatoka nje na vikombe vyao vya chai kusikiliza.

Ndoo ikishamwagwa, basi. Simenti ikishalowa haimngoji mtu, inaganda. Tangu hapo mpaka karai la mwisho liishe, hakuna aliyeruhusiwa kuleta ugomvi, si mimi, si yeye, si jirani. Nilimuuliza, je, nikiona kosa katikati ya kazi? Akasema, "Kosa la ukuta nitalibomoa kesho asubuhi, tena bure. Simenti iliyokufa haifufuki." Na kweli ile kona ya chumba cha Robi aliibomoa, ananuna, anapiga tofali nyundo kama zimemtukana, lakini aliibomoa.

Sheria ile tuliivunja mara moja. Alikuwa ameweka fremu ya mlango wa jikoni ufungukie nje, na mimi nikaja kuligundua hilo maji yakiwa yameshamwagwa. Nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia mlango wa mtu mwenye akili unafungukia ndani. Akanijibu kwamba anayetoka ana haraka kuliko anayeingia, na kwamba mimi mpishi nilitakiwa kulijua hilo kuliko yeye. Nikamjibu, akanijibu, jua likawaka, na karai lililojaa likawa limetua katikati yetu bila mtu kuligusa. Tulipokuja kushtuka lilikuwa limeganda. Fundi akaligeuza, likatoka donge zima lenye umbo la karai. Akaliviringisha mpaka mlangoni kwangu, akaliacha hapo. "Hili ni la mdomo wako na wangu," akasema. "Lisiondoke." Halijaondoka. Ndilo linaloushika mlango wa jikoni usipigwe na upepo, maana mlango wenyewe mpaka leo unafungukia nje.

Isije ikadhaniwa namchora malaika. Kwenye simu alikuwa mwongo wa kutupwa. Ukimpigia asubuhi anasema, "Niko njiani, nimeshavuka daraja," na nyuma yake unasikia vikombe na mtu anaagiza chapati. Kati ya chumba alichopanga na kwangu hakuna daraja hata la miti. Milango yote aliyowahi kuitia mkono, hapa na Nyangoto, inafungukia nje. Na yeye aliyenipa pa kukaa hakuwa na kwake. Alijenga za watu, halafu jioni anarudi kwenye chumba cha kupanga chenye turubai juu ya bati, ili kuzuia uvujaji ambao angeweza kuuziba kwa asubuhi moja. Nikimwambia, anasema ile si nyumba yake, na fundi hagusi nyumba asiyoitwa.

Alikuwa Msabato pia, tena wa kweli. Jumamosi hakugusa hata msumari. Ila alipotoka kanisani lazima apitie kwangu, koti lile lile limepigwa pasi, anasimama mbele ya ukuta na mikono nyuma. Nikamwambia, "Fundi, leo Sabato." Akasema kutazama siyo kazi. Akainama, akafumba jicho moja, akalipitisha jicho la pili kwenye kozi, yaani mstari mzima wa tofali, mpaka mwisho. Nikamwambia hiyo ni kazi. Akasema hapana, anautazama uumbaji.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba huyu aliyemkatalia shemeji yangu alikuwa ameshawahi kutegesha. Niliambiwa na vibarua wakati wa kula. Waliniambia alikuwa hodari, anasimamisha safu nzima wengine wakiwa bado wanatafuta kamba. Nilikesha na hasira yangu, na asubuhi aliposimama na ndoo akasema nigombane, nikamuuliza.

Aliiweka ndoo chini. "Nilijenga. Safu ndefu tu, Nyangoto."

"Kwa hiyo shemeji yangu ulimkatalia kwa lipi?"

"Wakaja watu wakapanga mle. Wageni, wametoka mbali kufuata kazi, wana watoto, hawana pa kwenda. Vyumba ambavyo sikujenga mtu alale, watu wakalala. Upepo ukabeba bati wakiwa ndani."

"Waliumia?"

"Hawakuumia. Walikuja kunishukuru kwamba ukuta haukuanguka." Alitema ganda la karanga. "Mama Robi, walinishukuru. Hicho ndicho kinaniuma." Kisha akaichukua ndoo. "Umemaliza?"

Nikasema nimemaliza. Baadaye niligundua kwamba akitoka kwake kuja kwangu anazunguka kwa juu, njia ndefu yenye mawe, kwa sababu njia fupi inapita mbele ya safu ile. Kumbe nusu ya uchelewaji wake ilitokea huko, na nusu nyingine kwenye chapati.

Sasa nieleze siku ya jamvi, yaani zege la sakafu, kwa sababu bila siku ile leo ningekuwa sijui wapi. Kuta zilikuwa zimesimama, linta imepita, bati liko juu. Ilibaki sakafu. Mawe yalikuwa yameshapangwa na kushindiliwa, kokoto zimekuja, vibarua wamechanganya kavu, na Fundi amesimama na ndoo. Lakini siku hiyo hakuniita kwa kelele. Alisema taratibu, "Mama Robi, leo naanza mimi. Shemeji yako amenifuata jana. Niiache hii sakafu, anipe kazi za ukoo mzima mpaka msimu uishe."

Nikamuuliza, "Na wewe umesema nini?"

"Nimesema nitamjibu kabla ya maji."

Hatujakaa sawa, shemeji huyo anaingia uwanjani na vijana wake, wamebeba kamba na vigingi. Salamu hakuna. Wakaanza kupigilia kigingi cha kwanza hatua chache kutoka mlangoni kwangu, cha pili kwenye mpapai, kamba ikavutwa. Nilimtazama Fundi. Nilitegemea aseme kitu, ni mwanaume, ni mtu mzima, na mdomo wake niliujua. Yeye akaitazama ndoo.

"Kiwanja ni chako, mama, si changu," akasema. "Siwezi kukugombea. Ninachoweza ni kungoja. Maji bado."

Nilimchukia kwa dakika ile, sifichi. Halafu nikaelewa. Mchanganyiko mkavu unaweza kukaa hata kutwa nzima, hauharibiki. Alikuwa ananipa muda wote ninaouhitaji, na alikuwa ananiambia kwamba hakuna mwingine atakayenipa.

Nikaingia ndani nikachukua kigoda. Nikakiweka katikati ya kamba za shemeji, nikakaa.

"Shemeji, toka hapo, utaumia," akasema.

"Hiki ni chumba?"

"Ni chumba."

"Cha nani?"

"Cha ukoo."

"Nani wa ukoo atalala hapa? Mtaje mmoja tu, nimtandikie."

Vijana wake wakaacha kupiga vigingi. Shemeji akasema kile ambacho nilijua kitakuja, "Wewe ni mwanamke uliyeolewa tu hapa."

"Nimeolewa na sijaachwa. Aliyenioa amelala pale," nikamwonyesha kaburi nyuma ya nyumba, "na yeye hakutegeshwa pale, shemeji. Amelala kweli. Na mimi nalala kweli, na Robi analala kweli. Mwenye kutaka kujenga uwanjani kwangu aje na godoro lake."

Kijana mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Shemeji akaanza kunieleza habari za wathamini, kwamba wako njiani, kwamba nitajuta. Nilihamisha mafiga yangu matatu kutoka jikoni, moja moja, nikayapanga ndani ya kamba zile, nikawasha moto, nikabandika sufuria. Kigingi kimoja kilikuwa karibu na mkono wangu. Nilikitia motoni, kikawaka vizuri. Nikasonga ugali, nikapika mboga, nikapika na dagaa, na muda wote huo shemeji anaongea, na Fundi amesimama na ndoo kama mtu anayengoja zamu kisimani.

Wale vijana walikuwa wateja wangu. Kila mchana walikula kwangu, wengine kwa kuahidi tu. Chakula kilipoiva nikawapakulia bila kuwaangalia usoni. Wa kwanza alisitasita, akaketi. Wa pili aling'oa kigingi ili apate nafasi ya kunyoosha miguu. Mpaka mwisho kamba ilikuwa imelala chini na watu wanakula juu yake. Shemeji alisimama pale peke yake, akatukana kwa Kikurya kitu ambacho sitakiandika, akaondoka. Sahani yake niliifunika nikamtumia nyumbani kwake. Mimi mpishi, simnyimi mtu chakula.

"Umemaliza?" Fundi akauliza.

"Nimemaliza. Na wewe jibu lako?"

"Nadhani amelisikia."

Akamwaga maji. Tulipiga sakafu yote siku ile, vijana wa shemeji wakisaidia kubeba makarai, na hakuna aliyesema neno baya mpaka jioni. Furaha niliyokuwa nayo sikuipata hata siku ya arusi yangu.

Wathamini hawajapita kwangu mpaka leo. Wanaweza kupita kesho, sijui, na wakipita watamkuta mtu anaishi ndani ya nyumba yake. Shemeji alitegesha kwenye kipande chake mwenyewe. Mvua zimekula udongo, safu imeegemea upande, mbuzi wanaingia na kutoka. Siku hizi anakuja kula kwangu na anapenda kukaa dirishani. Ananiambia kunapendeza. Namwambia najua.

Fundi aliondoka kimya kimya. Nilisikia amehamia Kisaka, kule Serengeti, ambako alioa na ndugu za mkewe wamempa mahali, na kwamba sasa ni mtu wa mahindi na ng'ombe. Nilikasirika kwamba hakuniaga, halafu nikakumbuka kwamba yeye alitoka kila nyumba hivyo hivyo, anachukua koti, anaacha msumari.

Mwaka huu nikataka kibaraza upande wa barabara, wateja wasinyeshewe. Nikawapigia mafundi wa huku. Wa kwanza akauliza, "Cha kukaa au cha kutegesha?" Wa pili akauliza vile vile. Wa tatu hakuuliza kitu, aliniambia "sawa mama," na huyo ndiye aliyenitisha. Nikapanda pikipiki, nikaenda Kisaka.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kiwanja, koti la kijivu limekunjwa magotini. Kilichonishtua ni hilo koti, kwamba halikuwa na pa kutundikwa. Mbele yake fundi mwingine, kijana wa kule, alikuwa anamjengea nyumba. Nikasema, "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Aligeuza shingo kuifuata sauti, akanitazama begani. "Mama Robi. Mchanga wako umechekechwa?"

Ndipo nikajua kwamba hanioni. Mkewe, mwenyeji wa kule, alinivuta pembeni akaniambia macho yamekuwa yakififia siku nyingi, hospitali wamekwenda, bado kuna mwanga mwanga tu. Akaniambia pia kwamba mumewe amegoma kuchagua chochote. Kila akiulizwa kuhusu nyumba anasema fundi aamue.

Nikakitazama kiwanja. Mtaro wa msingi ulikuwa wa kina cha kiganja. Mawe hakuna. Dirisha la chumba chake, kwa jinsi kamba zilivyopita, lilikuwa linatazama kichuguu. Yule kijana alikuwa amechanganya kavu na ameshika ndoo.

"Fundi," nikamwambia, "msingi wako hauna mawe."

"Utatosha. Mimi mzee, mama. Hii ni ya kunisitiri tu siku zilizobaki. Sihitaji makubwa."

Nilishikwa na hasira niliyoikosa hata kwa shemeji. Huyu alinitoa kwenye vumbi. Huyu alining'ang'aniza nikae, nitazame, niseme ninachotaka, wakati dunia nzima inaniambia nisubiri kuhesabiwa. "Kwa hiyo unategesha," nikasema.

Mkewe akaguna. Yule kijana akasimama wima na ndoo yake.

"Unasemaje?"

"Nyumba isiyo na msingi, ambayo mwenyewe haulizwi anataka kuona nini, sisi Kewanja tunaiita ya kutegesha. Umekitegeshea kifo, Fundi. Umekaa hapo unangoja kije kikuhesabu."

Mikono yake ilikuwa inalikunja koti na kulikunjua. Nilijua nimemuumiza, na sikurudisha neno hata moja.

"Kijana," akasema mwishowe, "maji umeshamwaga?"

"Bado, mzee."

"Weka ndoo chini."

Nikaomba kigoda. Mkewe akakileta mbio mbio, nikakiweka katikati ya kile kilichokuwa kiwe chumba chake, nikamshika mkono, nikamketisha. "Haya. Unaona nini?"

"Mama Robi, usinicheze. Ukungu."

"Basi unasikia nini?"

Akainamisha kichwa. Upande wa kichuguu hakukuwa na kitu. Upande wa pili, bondeni, njuga za ng'ombe zilikuwa zinalia, na nyuma yetu mkewe alikuwa amerudi kwenye kinu chake. Uso wa Fundi ukageuka pole pole, kwanza kwenye njuga, halafu kwenye kinu, ukarudi kwenye njuga.

"Dirisha lije huku," akasema, akanyoosha mkono bondeni. "Niwasikie wakirudi. Na mlango uende kule kwenye kinu." Akakanyaga chini kwa kisigino, akakunja uso. "Na huu mtaro umechimbwa na nani, na kuku? Kijana, zamisha mpaka goti, kalete mawe. Kwanza shika hili koti, nichimbie mti nipate pa kulitundika."

Kijana akalipokea koti kwa mikono miwili, anatutazama kwa zamu asijue bosi ni nani.

"Na mlango," nikasema, "ufungukie ndani."

"Mlango," akasema Fundi, "unafungukia nje."

"Mtu haoni, atajigonga."

"Anayetoka ana haraka!"

Nikamjibu, akanijibu. Majirani wakaanza kutoka, mmoja amekuja na kikombe chake cha chai. Ndoo ya maji ilibaki pale chini imejaa, na hakuna aliyethubutu kuigusa.